Je, wajua kwa nini Shih Tzu, mbwa mdogo wa manyoya marefu, lazima anyolewe?

Mbwa koko huzaliwa, akakua na kuzeeka bila kuguswa na mkasi. Shih Tzu ukimwacha mwaka mzima, nywele zinamziba macho na kufagia sakafu. Kwa nini?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa hili: nywele zake hazikomi kukua, wala hazipukutiki. Wengi wanaouza mbwa hawa husema vivyo hivyo. Si kweli, na nililitambua siku nilipokuwa nafumua fundo nyuma ya sikio la Shih Tzu wa dada yangu. Fundo lilikuwa na ukubwa wa korosho. Nililichambua kwa vidole, unywele mmoja mmoja, na nyingi zilitoka zenyewe bila kuvutwa. Kwenye ncha ya kila mmoja kulikuwa na kichwa kidogo cheupe, mithili ya kichwa cha pini. Hiyo ni alama ya unywele uliomaliza muda wake ukaachia ngozi. Maana yake ulikuwa umeshapukutika, ila ulinaswa na wenzake warefu kabla ya kufika chini. Anayeona sakafu safi hudhani mbwa hapukutishi, kumbe manyoya yako bado mwilini, yanageuka mafundo kwapani, nyuma ya masikio na chini ya ukanda wa shingoni.

Basi urefu unatoka wapi? Tazama uso wako. Nywele za kichwani hukua miaka kadhaa mfululizo kabla ya kutoka. Za nyusi hukua kwa muda mfupi tu, zikasimama. Ngozi ni ileile, chakula kilekile. Tofauti kubwa ni muda wa kukua.

Fikiria vibarua shambani, wanaolima mpaka msimamizi apulize filimbi. Mwilini, filimbi hiyo ni protini iitwayo FGF5. Kwa mbwa wa manyoya mafupi hulia mapema, na unywele unaacha kukua. Kwa Shih Tzu, jeni inayoitengeneza ina hitilafu, hivyo filimbi hailii inavyopaswa na kazi inaendelea. Lakini giza likiingia vibarua huacha hata bila filimbi. Ndivyo ilivyo kwa unywele: zipo ishara nyingine, na kila mmoja una mwisho wake. Binadamu wachache wenye hitilafu katika jeni hiyohiyo huota kope ndefu ajabu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima zaidi ya mbwa 1,000 wa aina 80, ulionyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya: FGF5 kwa urefu, RSPO2 kwa masharubu na nyusi nzito, KRT71 kwa mawimbi. Si mbwa wote walioingia katika maelezo hayo. Afghan Hound, mwenye nywele ndefu kupindukia, hakuwa na hitilafu ile ya FGF5. Baadaye ziligunduliwa nyingine ndani ya jeni hiyohiyo.

Kwa mwenye mbwa, jambo la kwanza ni kuchana kabla ya kuogesha. Fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi, na hapo dawa ni mashine ya kunyolea. Ndiyo maana wengi huchagua mtindo wa kitoto: mwili mzima unapunguzwa sawasawa hadi sentimita mbili tatu, uso unaachwa mviringo. Wanaopenda urefu huchana kila siku na kufunga kishungi utosini, kwa kuwa macho ya Shih Tzu yamejitokeza na nywele huyakwaruza. Kunyoa hakuongezi wala kupunguza kasi, maana mashine haifiki kwenye shina lililo ndani ya ngozi.

Na ukimpandisha na mbwa koko wa manyoya mafupi, watoto kwa kawaida hutoka na manyoya mafupi: filimbi nzima kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kusimamisha shamba. Masharubu, hata hivyo, huhitaji mzazi mmoja tu, kwa hiyo kijibwa hicho chenye manyoya mafupi hutazama dunia kwa ndevu za Shih Tzu.