Utambulisho wa mhamiaji hauamuliwi na mhamiaji peke yake

Anayehamia nchi ya kigeni hupewa methali mbili zinazopingana. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mwacha asili ni mtumwa. Wenyeji humwambia ile ya kwanza kwa namna yao, ndugu aliowaacha humkumbusha ya pili kila wanapopiga simu, naye yuko katikati anajaribu kuishi bila kumkosea mtu. Kazi yangu ni saikolojia ya uhamiaji. Natafiti, na pia nakaa na familia zilizo ndani ya hali hiyo, na wazazi huniuliza swali moja kuliko mengine yote: mtoto wangu atakuwa mtu wa huku au wa kwetu?

Naelewa hofu iliyo nyuma ya swali hilo. Lakini limejengwa juu ya wazo kwamba moyo wa mtu una nafasi ya nchi moja tu, ikiingia hii lazima ile itoke. Hata wataalamu waliwahi kufikiri hivyo. Robert Park, mwanasosholojia wa Chicago, alimwelezea mhamiaji mwaka 1928 kama mtu wa pembezoni, asiye wa huku kamili wala wa kule kamili, na waliomfuata wengi walichukulia kwamba mwisho wa safari ni kumezwa na jamii mpya. Aliyekuwa bado anazungumza lugha ya nyumbani alihesabiwa kuwa amechelewa njiani.

Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, ndiye aliyelivunja swali hilo vipande viwili. Alisema mhamiaji anajibu mambo mawili tofauti: je, nataka kuendelea na utamaduni niliokuja nao? Na je, nataka kushirikiana na watu wa hapa? Mtu anaweza kusema ndiyo kwa yote mawili, na huo Berry aliuita utangamano. Anayeacha ya kwao na kufuata ya huku amemezwa. Anayeshika ya kwao na kuwaepuka wenyeji amejitenga. Yupo pia asiye na pa kushika, ambaye ya nyumbani yamemponyoka na ya ugenini hayajamkubali, na huyo ndiye ninayemwonea wasiwasi zaidi.

Berry na wenzake walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha zaidi ya vijana 5,000 wa familia za wahamiaji, wenye umri wa miaka 13 hadi 18, katika nchi 13. Kundi kubwa zaidi, kama asilimia 36, lilikuwa la vijana walioshika pande zote mbili, na ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi kwa jumla: kujiheshimu, kuridhika na maisha, kufanya vizuri shuleni. Waliokuwa hawajui washike wapi walikuwa kama asilimia 22, na hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wote. Wazazi wanaodhani kwamba kumkataza mtoto lugha ya nyumbani kutamsaidia shuleni, nawaomba waisome mara mbili aya hii.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mpangilio huu wa makundi manne unaweza kulificha, na ndilo linalonifanya niandike leo. Ukiusoma haraka utadhani mhamiaji anasimama mbele ya milango minne na kuchagua mmoja apendao. Mingi imefungwa kwa ndani. Berry mwenyewe alisisitiza kwamba utangamano unawezekana tu pale jamii inayopokea ilipo tayari kupokea, lakini sehemu hiyo ya maneno yake husahauliwa upesi sana, hasa na wanasiasa.

Mfano ulio wazi umo katika kazi ya mwanasosholojia wa Marekani, Mary Waters, aliyewachunguza wahamiaji weusi kutoka visiwa vya Karibi waliokuwa wakiishi New York. Wazazi walijitambulisha kwa kisiwa chao, na lafudhi yao iliwatangulia: wakifungua kinywa tu, watu walijua wametoka ng'ambo. Watoto wao waliozaliwa au kukulia Marekani hawakuwa na lafudhi hiyo. Mtaani, dukani na shuleni walionekana kuwa Wamarekani weusi, basi, na walibeba ubaguzi wote unaoandamana na jina hilo. Baadhi walilikubali jina hilo kwa fahari. Wengine walitafuta njia ya kuonyesha asili ya wazazi wao ili watazamwe kwa jicho tofauti. Ndugu wa tumbo moja wangeweza kuishia na majibu tofauti. Hapo utaona kwamba swali la "mimi ni nani" hujibiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, anayejitaja na anayemtazama, na mara nyingi anayetazama ndiye huanza kusema.

Sheria nazo hutazama. Ujerumani ilitumia kwa muda mrefu sheria ya mwaka 1913 iliyofuata damu: uraia ulirithiwa kwa wazazi, hivyo mtoto wa wafanyakazi waliotoka Uturuki baada ya mkataba wa kuajiri wafanyakazi wa mwaka 1961 angeweza kuzaliwa Ujerumani, kusoma na kuoa hapo hapo, na bado akaandikwa mgeni. Mageuzi yaliyoanza mwaka 2000 yaliwapa watoto wengi wa namna hiyo uraia tangu kuzaliwa, lakini kwa sharti: wakitimiza miaka 18 waanze kuchagua, na kabla ya kutimiza miaka 23 wawe wameacha uraia mmoja. Fikiria kijana wa miaka 19 anayepokea barua rasmi inayomtaka aamue kama ni wa mama yake au wa nchi aliyozaliwa. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2014 kwa waliokulia Ujerumani, na tangu Juni 2024 uraia pacha unaruhusiwa kwa ujumla. Kwa miaka kadhaa, basi, kijana aliyejiona wa pande zote mbili aliambiwa na dola kwamba hisia hiyo si halali.

Sasa, msomaji makini ataniuliza: utajuaje kwamba kupokewa ndiko kunakomfanya mtu ajione wa hapo? Huenda wanaopokewa ni wale ambao tayari wamezoea. Ni hoja nzito, na kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kuijibu, kwa sababu huwezi kugawa uraia kwa kura ya bahati nasibu ili upime matokeo.

Uswisi ilitoa jibu bila kukusudia. Hadi mwaka 2003, baadhi ya miji na vijiji vyake viliamua maombi ya uraia kwa kura ya siri ya wakazi. Kila mwombaji aliandikiwa maelezo mafupi, amezaliwa wapi, anafanya kazi gani, ameishi hapo muda gani, kisha majirani wakapiga kura ya ndiyo au hapana. Mahakama kuu ya nchi iliupiga marufuku utaratibu huo mwaka 2003. Watafiti Jens Hainmueller na Dominik Hangartner walizichambua kura hizo na kukuta kwamba kilichoamua zaidi ni nchi aliyotoka mwombaji: waliotoka Uturuki na iliyokuwa Yugoslavia walikataliwa mara nyingi zaidi kuliko waliotoka Ulaya ya kaskazini na magharibi, hata walipofanana nao kwa mengine.

Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa kazi bora za fani hii. Pamoja na mwenzao Giuseppe Pietrantuono, waliwatafuta watu walioshinda kwa kura chache mno na walioshindwa kwa kura chache mno. Watu hawa walifanana karibu kwa kila hali, isipokuwa majirani wachache waliamka na mawazo tofauti siku ile. Miaka mingi baadaye, waliopata uraia walikuwa wamejifunga zaidi na nchi ile. Walikuwa na mipango ya kuzeekea hapo, walisoma magazeti ya hapo, walikuwa wanachama wa vikundi vya hapo, na walijiona wakibaguliwa kwa kiasi kidogo zaidi. Nguvu ya uraia ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliotoka katika makundi yaliyodharauliwa, na kwa waliopewa mapema.

Nchi nyingi hutaka mhamiaji athibitishe kwanza kwamba amekuwa mmoja wao, ndipo zimpe karatasi. Ushahidi huu unaonyesha kwamba karatasi yenyewe husaidia kumfanya awe mmoja wao.

Nyumbani mambo huwa madogo zaidi, na ndiyo ninayoyashughulikia kila siku. Tazama chumba cha daktari. Mama amekaa upande mmoja, daktari upande wa pili, na katikati yuko binti wa miaka 11 ambaye leo hakwenda shule. Daktari anauliza kama mama anapata usingizi. Mama anajibu kwa maneno mengi: anataja ndoto, anataja safari, anamtaja baba. Binti anatazama mikono yake, kisha anamgeukia daktari. "Anasema analala kidogo." Hakuna aliyemfundisha kukata maneno namna ile. Amemsitiri mama yake, na amempa daktari sentensi anayoweza kuiandika.

Watoto wakalimani wapo karibu kila penye wahamiaji. Tafiti zinaonyesha pande mbili. Kufasiri huweza kumpa mtoto fahari, msamiati mpana na uwezo wa kuona jambo kwa macho ya mwingine. Kukizidi, au kukihusu ugonjwa, madeni na mahakama, huambatana na msongo na huvuruga ngazi ya familia: mzazi anamtegemea mtoto kusoma barua ambayo huenda inamlalamikia mtoto huyo huyo. Hospitali na ofisi zinapaswa kuajiri wakalimani. Nalisema hili kila ninapopewa nafasi, na nitaendelea kulisema.

Wakati huo huo mzazi analinda utamaduni ambao nyumbani kwenyewe umeshasogea. Aliyeondoka akiwa na miaka 25 ameondoka na nchi ya mwaka ule, na desturi zake, misemo yake na wazo lake la binti mwenye adabu hubaki pale pale. Akirudi likizo anashangaa wapwa zake wanavaa na kuzungumza kwa uhuru kuliko anavyowaruhusu wanawe ughaibuni. Wanawe nao wanagundua kwamba "kwetu" waliyofundishwa haipo tena. Kwa vijana wengi safari hiyo huwa tetemeko, na baadaye nafuu, kwa kuwa wameona kwamba hata asili hubadilika.

Na kuna kitu kipya kinachozaliwa ambacho si cha huku wala cha kule. Katika vitongoji vya Stockholm, Berlin na London, vijana wa makabila na mataifa mengi waliokua pamoja wametengeneza namna zao za kuzungumza lugha ya nchi. Wasweden waliipa namna yao jina la kitongoji cha Rinkeby. Wataalamu wa isimu waliozichunguza walikuta kanuni za sarufi zinazofuatwa kwa uthabiti, ingawa walimu na magazeti waliziita lugha mbovu. Tena wanaozizungumza ni pamoja na vijana ambao babu na bibi zao wote ni wenyeji. Mwanafunzi Mjerumani asiye na ndugu hata mmoja Uturuki hutumia neno la Kituruki kumwita rafiki yake, na halimpi shida yoyote. Utambulisho wake pia umebadilishwa na uhamiaji, bila yeye kuhama nyumba.

Hivyo mzazi akiniuliza kama mtoto atakuwa wa huku au wa kwetu, nami humuuliza maswali yangu. Mtoto ana rafiki gani wa hapa aliyewahi kuja kula nyumbani kwenu? Anazungumza na nani lugha ya nyumbani, zaidi ya kukaripiwa nayo? Mwalimu analitamkaje jina lake darasani, na mtoto ameshawahi kumsahihisha? Majibu huchukua muda, na kwa kawaida mazungumzo yetu ya kweli huanza kwenye lile la mwisho.