Barua iliyosomwa na watu kabla ya mwenyewe

Kijana mmoja katika kikundi chetu cha WhatsApp alinipinga, na mimi nikawa wa mwisho kujua.

Kikundi chenyewe ni cha wainjilisti, walimu wa shule ya Jumapili na wanakwaya wachache. Tumetawanyika: kuna wa Kahama, kuna wa Mbeya, na dada mmoja yuko Muscat kikazi. Kila Jumatano usiku ninatuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi kuhusu fungu tulilosoma wiki hiyo. Siku hiyo lilikuwa Wagalatia 2, pale Paulo anapomkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia. Nilimtetea Petro kidogo, kwamba aliacha kula na watu wa mataifa kwa kuwastahi wageni waliotoka kwa Yakobo. Kijana akaona ninamfunika Petro shuka. Akamwandikia rafiki yake kumuuliza kama ameelewa sawa, rafiki akaupeleka ujumbe kwenye kikundi cha kwaya, na asubuhi mzee wa kanisa akanipigia: "Mwalimu, mbona vijana wanakuvua nguo?"

Nilikasirika, kisha nikaishia kucheka peke yangu. Ninafundisha historia ya Kanisa, na kisa hiki nilikwisha kukifundisha mara nyingi. Fungu ni lilelile, na hata ujumbe kupotea njiani ni vilevile. Tofauti ni kwamba cha kwanza kilitokea zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Augustino, padre wa Hippo (mji unaoitwa leo Annaba, Algeria), aliandika barua yake ya kwanza kwa Yeronimo, mtafsiri wa Biblia aliyeishi Bethlehemu, karibu mwaka 394 au 395. Yeronimo alikuwa amemtangulia kwa umri na kwa elimu ya lugha, na alishaandika ufafanuzi wa Wagalatia. Humo alisema ugomvi wa Antiokia ulipangwa: Paulo na Petro walikuwa wameelewana, wakaigiza ili wasikilizaji wajifunze. Augustino hakuweza kulimeza hilo, maana Paulo angekuwa ameandika jambo lisilo kweli. Tukikubali kwamba mtume aliandika uongo wenye faida mahali pamoja, alisema, mtu yeyote akikutana na mstari unaombana atadai kwamba na huo ni wa namna hiyohiyo.

Hoja ilikuwa nzuri. Aliyepaswa kuipeleka akafanywa askofu, hakusafiri, na haukupita muda akafariki. Mwaka 397 Augustino, sasa akiwa askofu, akaandika nyingine, kali zaidi, akimtaka Yeronimo ayakane maneno yake. Mjumbe wa pili akaogopa bahari. Barua ikabaki Italia, ikanakiliwa, ikasomwa Roma, na shemasi mmoja akaikuta nakala kwenye kisiwa cha Adriatiki. Yeronimo akasikia kwa watu kwamba kuna askofu kijana Afrika aliyeandika kitabu kizima dhidi yake. Akajibu kwa baridi, akimkumbusha kwamba ng'ombe mzee aliyechoka hukanyaga kwa uzito zaidi. Jibu kamili la hoja lilikuja mwaka 404, karibu miaka kumi tangu barua ya kwanza.

Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu. Urafiki huu ungeweza kufia hapo. Yeronimo alikuwa na ulimi wa pilipili, na alishakosana vibaya na Rufino, rafiki yake wa ujana. Augustino alipousikia ugomvi ule aliumia, akaandika hivyo waziwazi. Akaomba radhi kwa namna barua ilivyofika. Hoja yenyewe hakuiondoa. Akaandika pia kwamba kwa cheo askofu kama yeye yuko juu ya padre kama Yeronimo, lakini katika mambo mengi Augustino ni mdogo kwa Yeronimo. Na hata mdogo akikusahihisha, usimdharau.

Basi nani alikuwa mlezi wa nani? Katika makanisa yetu tumezoea kwamba mlezi wa kiroho ndiye anayesema, na mlelewa anaitikia amina. Hawa wawili hawakuwahi kuonana uso kwa uso, mmoja mkubwa kwa cheo na mwingine kwa elimu, na kila mmoja alipata fundisho kutoka kwa mwenzake. Ninaamini ulezi wa mbali unawezekana kwa sababu yao, ila unahitaji uvumilivu ambao simu haikufundishi.

Mfano ninaoupenda ni wa mtango. Katika Yona 4 Biblia yetu ya Muungano inasema Mungu aliotesha mtango juu ya Yona. Tafsiri za zamani za Kilatini zilikuwa na mmea wa jamii hiyohiyo ya maboga. Yeronimo akatafsiri upya kutoka Kiebrania na kuweka mmea mwingine kabisa, ule unaotambaa ukutani. Askofu wa Oea, yaani Tripoli ya leo, akaisoma tafsiri hiyo ibadani, waumini wakalipuka, nusura abaki bila kundi. Augustino akampelekea Yeronimo habari hiyo kwa swali la kichungaji: utafanyaje na watu waliolikariri neno tangu utoto? Yeronimo aliwadhihaki wapenda maboga, lakini pia akaeleza mmea wa Kiebrania ulivyo na kwa nini Kilatini hakina jina lake. (Wataalamu wengi siku hizi wanasema ni mbarika, kwa hiyo wote walikosa kidogo.) Baadaye Augustino alikiri kwamba ameiona faida ya kutafsiri kutoka Kiebrania. Kuisoma kanisani bado hakutaka.

Kukubaliana nusu namna hiyo, na kusema wazi nusu ipi, ndiko ninakokuita kukua. Siku hizi ninawaomba wenzangu jambo moja tu: kabla hujanipinga, nieleze nilichosema mpaka mimi mwenyewe niseme "ndiyo, ndicho hicho". Na pingamizi lije kwangu kwanza, siyo kwa kwaya. Nilipofanya hivyo na yule kijana, niligundua alikuwa amenielewa vizuri kuliko nilivyojielewa. Petro alikosea. Mstari wa 13 unauita unafiki, na mimi nilikuwa nimeuruka.

Mwaka 415 Augustino aliandika tena Bethlehemu, akimtuma padre kijana Orosio. Safari hii aliuliza roho ya mwanadamu inatoka wapi, na maana ya Yakobo 2:10. Yeronimo hakumpa jibu alilotaka. Augustino hakukisambaza kile alichoandika. Alikiweka, akitumaini jibu litakuja, mpaka Yeronimo alipofariki, mwaka 420 hivi.

Yule kijana sasa huniandikia faragha alfajiri: "Shikamoo Mwalimu, nina neno." Jumatano ijayo ni yeye atakayetuma ujumbe wa sauti, Wagalatia 2 tena. Nimemwomba tu asizidishe dakika kumi.