Kwa nini mikoko inayopandwa na vikundi vya kujitolea hufa kwa wingi?

Jibu fupi: inapandwa chini mno, yaani mbali mno kuelekea baharini.

Watu wengi wanaamini mkoko ni mti wa maji, kwa hiyo ukiusogeza mbele zaidi kwenye tope, kule maji hayakauki, ndo utanawiri. Sio kweli. Kuvumilia maji chumvi ni kitu kimoja na kutaka kukaa ndani yake kutwa ni kitu kingine kabisa. Mmarekani Robin Lewis, aliyerudisha misitu ya mikoko Florida kwa miaka mingi, alionyesha kuwa mikoko huota juu ya usawa wa kati wa bahari (wastani kati ya maji kujaa na kupwa) na maji huifunika kama asilimia 30 ya muda au pungufu, yaani sehemu kubwa ya maisha yake mti uko hewani!

Sababu iko kwenye mizizi. Tope la mikokoni halina oksijeni, kwa hiyo mchu na mlilana, ambazo ni aina za mikoko, hutoa vipumulio (mizizi ya kupumulia) wima juu ya tope, na aina inayoitwa mkoko wenyewe ina ile mizizi mirefu inayoshuka kutoka shinani, yote ina vitundu vidogo vya hewa. Fikiria mzamiaji wa pweza, anavuta pumzi, anazama, anaitumia hewa aliyonayo halafu lazima aibuke. Mizizi nayo iko hivohivo: maji yakijaa vitundu vinafunikwa, oksijeni ya ndani inatumika na mgandamizo unashuka, maji yakipwa hewa mpya inavutwa ndani. Sasa mche mfupi uliochomekwa kwenye tope la chini kabisa, ambalo pengine linaonekana bamvua tu (siku maji yanapojaa na kupwa sana), unaibuka saa ngapi?

Hata mti mzima unakufa ukizibwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye mkono wa bahari wa Mwache karibu na Mombasa, mizizi ikafukiwa na mikoko mingi ikakauka.

Ufilipino ndo wamepanda sana, na watafiti waliripoti 2008 kuwa iliyodumu kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu. Sehemu nzuri za juu zilishageuzwa mabwawa ya samaki, basi watu wakapanda palipobaki, tena wakachagua ile aina ya mkoko wenyewe kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, wakati ufukwe ulio wazi kwa mawimbi ulihitaji mchu au mlilana. Sio kila mche unauawa na kina, wapo kaa na mawimbi pia, ila kina ndo kosa linalojirudia.

Ndo maana kazi ya kujitolea ninayoithamini zaidi ni ile ya kupima. Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 na tangu 2013 wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kwa hiyo miti inapimwa na kuhesabiwa kweli, na kabla ya hapo wageni wa kujitolea wa shirika la Earthwatch walishasaidia watafiti kwenye majaribio hapohapo. Kikundi chochote kinaweza kuanza na kijiti chenye vipimo kilichochomekwa pale panapoota mikoko ya asili, kikisomwa maji yakijaa, bamvua na maji mafu (siku maji yanapojaa na kupwa kidogo), halafu shamba jipya likapimwa vilevile. Likiwa chini zaidi, msipande hapo.