Karibu na korban: mzizi uleule

Kila muhula wanafunzi huniletea kadi za msamiati, upande huu Kiebrania, upande huu Kiswahili. Wamezikariri mpaka macho mekundu, na baada ya wiki mbili zimeyeyuka zote. Siku hizi naanza kwa kuandika ubaoni herufi tatu: k-r-b. Nawauliza wanajua neno gani lenye herufi hizo. Kimya. Kisha mmoja anasema kwa woga, "Karibu?"

Ndilo. Sisi tulilipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu: maneno yao hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti, mara nyingi tatu. Kwa Kiebrania *karov* ni karibu, na *korban* ni sadaka ya madhabahuni, yaani kitu kinachosogezwa karibu na Mungu. Mambo ya Walawi 1:2 ina kitenzi *yakriv* na jina *korban* pamoja. Ukishikilia mzizi unapata "akikaribisha kikaribishwa". Kiswahili kibovu, lakini hutalisahau tena.

Sikio nalo lizoee mambo mawili. *Sh* yao mara nyingi kwetu ni *s*: *shalom*, salamu. Na *b* ikifuata irabu hulainika ikawa *v*: *navi* ni nabii. Baada ya hapo *berakha*, *nefesh* na *heikhal* (baraka, nafsi, hekalu) hayahitaji kadi.

Mtego uko kwa ndugu waliohama maana. Nikiwa mwanafunzi nilikutana na *tsedaka* katika Mwanzo 15:6, nikaandika bila wasiwasi kwamba Abramu alihesabiwa sadaka. Darasa zima lilicheka. Hapo ni haki. Maana ya kuwapa maskini ilishika nguvu baadaye, katika Kiebrania cha marabi, na ndiyo Wayahudi wanayoitumia leo. Cha ajabu, aya hiyohiyo ina *he'emin*, "akaamini", mzizi wa imani na amina. Ndugu mmoja kakubeba, mwenzake kakuangusha.

*Mal'akh* nalo lina vituko vyake. Katika Mwanzo 32, mstari wa 1 Yakobo anakutana na malaika wa Mungu. Mstari wa 3 anatuma wajumbe kwa Esau. Kiebrania ni neno lilelile, maana kazi yake ni kutumwa tu, awe ametoka mbinguni au kambini. Ukilitafuta katika Biblia ya Kiebrania, angalia mstari wa 2 na wa 4. Hesabu yao katika sura hiyo imesogea kwa mmoja.