Ardhi kavu si ardhi iliyokufa

Wengi tukiona uwanda mtupu wenye vumbi tunasema hapo hapafai kitu, labda iletwe miche kwa malori. Shinyanga, kaskazini mwa Tanzania, inatusuta.

Miti ya huko haikujiondokea yenyewe. Ilifyekwa enzi za mkoloni kuwafukuza mbung'o, pamba ikamaliza iliyobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, mawazo ya mwanzo yalikuwa vitalu na miche. Lakini Wasukuma, wenyeji wa huko, walikuwa na njia yao ya zamani: ngitili. Wanatenga eneo, wanalifunga mifugo isiingie wakati wa mvua, kisha wanalifungua kiangazi majani yanapoadimika kwingine. Kazi yenyewe ni uvumilivu (na ugomvi kidogo na mwenye ng'ombe wakorofi). Anayevunja masharti huulizwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na kutozwa faini.

Ukitaka kuelewa, chuchumaa kando ya kisiki cha mgunga kilichokatwa kufikia magoti. Juu kimekauka na kupasuka. Ubavuni vimetoka vichipukizi vingi vyembamba vyenye miiba laini bado. Mizizi ipo chini, hai, inafuata maji ambayo mche wa kitalu ungechukua miaka kuyafikia. Kinachovirudisha chini kila mara ni mdomo wa mbuzi na panga la kuni. Kwa hiyo kwenye ngitili nyingi hakuna aliyepanda chochote. Mbuzi walizuiwa, basi, na kivuli kikarudi.