Msumeno butu si salama

"Usiunoe sana, utakukata." Maneno haya nimeyasikia Kisauni na Likoni miaka mingi, na vijana wanaokata minazi na mikilifi bado huambiwa hivyo kuhusu msumeno wa mnyororo. Si kweli, na naomba tuyaache.

Mnyororo wenye makali huingia kwenye mti wenyewe. Wewe unauongoza tu. Ukiwa butu, unaulazimisha kwa mabega, mikono inachoka, na ukiponyoka unakwenda na uzito wako wote. Wala ubutu hauzuii msumeno kukurukia usoni pale sehemu ya juu ya ncha inapogusa tawi.

Tazama kinachodondoka. Vikiwa vipande vinene, makali yapo. Ukiona vumbi laini kama unga wa sembe, zima injini, ngoja ipoe, vaa glavu, chukua tupa ya duara inayolingana na jino. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua, rudia, usiirudishe ikikwaruza. Kila jino lipate idadi ileile, mara 3 au 4 hutosha lisipokuwa limeharibika. Meno ya upande mmoja yakizidi makali, msumeno hukata kwa kupinda.

Huku kwetu adui mkubwa ni mchanga. Mnazi uliolala chini ukatwe ukiwa umeinuliwa juu ya magogo, kwani mnyororo ukigusa mchanga hata mara moja, makali yameondoka.