Sio kila bronzi ni bronzi: kukagua parafujo za boti za zamani

Mwenye boti ya mbao ya mwanzoni mwa karne iliyopita akinihakikishia kwamba parafujo zake zote ni bronzi, huomba ruhusa nichomoe moja iliyokuwa chini ya maji. Enzi zile viwanda viliuza kwa jina la bronzi vitu vingi ambavyo kwa muundo ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Kwa hiyo mimi naanza na swali moja: ina zinki kiasi gani?

Bronzi ya Tobin, iliyopendwa sana Marekani, ni karibu asilimia 60 shaba na 39 zinki, bati halifiki hata asilimia moja. Bronzi ya manganisi ni ya ukoo huohuo. Manganisi yenyewe imo kidogo tu. Na kabla yao ilikuwapo metali ya Muntz, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1832: 60 shaba, 40 zinki. Ilikuwa nafuu kuliko shaba tupu, na ndiyo iliyovikwa tumbo la meli ya matanga Cutty Sark ya 1869.

Zinki yote hiyo baharini ni balaa. Maji ya chumvi huiondoa polepole na kuacha shaba yenye vinyweleo kama sponji. Parafujo haipotezi umbo: kichwa kipo, meno yapo, ukiitazama utaisifu. Ibane kwenye jiliwa uipige nyundo. Ikikatika kau bila kupinda, angalia pale ilipovunjika: pembezoni rangi ya waridi, katikati njano. Hiyo njano ndiyo metali iliyobaki. Wakati mwingine haizidi unene wa kijiti cha kiberiti.

Metali ikiwa nzima, ikwangue kwa tupa uone rangi yake. Njano ya dhahabu ni dalili ya brasi. Wekundu wa kahawia huenda ni bronzi ya silikoni, ile iliyouzwa kwa jina la Everdur: shaba 96, silikoni 3, manganisi 1. Hiyo ilianza kuuzwa miaka ya 1920, hivyo ukiikuta kwenye boti ya 1905, jua kuna fundi aliyepita baadaye. Weupe wa fedha unaovutwa kidogo na sumaku, nashuku Moneli, aloi yenye nikeli theluthi mbili hivi.

Bronzi ya kweli, yenye bati la kutosha, hujulikana kwa asidi ya naitriki (fanyia nje, moshi wake ni sumu). Brasi huyeyuka ikaacha maji ya kijani-buluu; bronzi ya bati huacha pia unga mweupe chini ya chupa. Ila Tobin na Muntz asidi haizitenganishi vizuri.

Hapo natumia bunduki ya eksirei, kifaa cha mkononi kinachosoma metali zilizomo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Inasoma ngozi ya juu tu. Ukiilenga kwenye parafujo iliyoliwa itakuambia ni shaba safi. Piga tupa kwanza mpaka njano itokee, ndipo upime.